Lita za Besi, Lita za Mzigo

Leo nazungumza hasa na wewe mwenye pikapu ya milango minne, ile dabo kabini. Iwe Hilux, iwe D-Max, iwe Navara, shida yenu ni moja. Nyuma mna bodi kubwa ya kubeba gunia, saruji na mabati, lakini bodi iko wazi kwa mvua, vumbi na mikono ya watu. Kila kitu cha thamani, kila kisichotakiwa kulowa, kinaingia kwenye kabini pamoja na abiria.

Sasa unataka sabufa, ile spika ya besi. Sikulaumu. Safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya ni ndefu, na rumba bila gitaa la besi ni rumba nusu. Mwenzako wa gari dogo hana mawazo: anafungua buti, anaweka boksi, anafunga, anaondoka. Wewe buti huna. Boksi lako litakaa mahali ambapo jana palikuwa na jeki, au mkoba wa vifaa, au miguu ya mama mkwe.

Hoja yangu leo ni hii: bei ya sabufa kwenye pikapu hailipwi dukani. Dukani Kariakoo au Kirinyaga Road unatoa hela mara moja, wiki ijayo umesahau. Bei yenyewe unailipa kwa lita za nafasi, kila siku, mpaka siku utakayouza gari. Na watu wengi huhesabu shilingi kwa makini sana, lita hawazihesabu kabisa.

Tuanze na swali ambalo hata mtoto angeuliza: kwa nini besi inadai boksi? Spika za milangoni hazina boksi na zinaimba.

Koni ya spika inapotoa noti ya hezi 40, inakwenda mbele na kurudi nyuma mara 40 kwa sekunde. Ikisukuma hewa mbele, upande wa nyuma inavuta. Kwa noti za juu hilo halina madhara makubwa. Kwa noti za chini, hewa ya nyuma inazunguka, inakutana na ya mbele, zinafutana. Ndiyo maana ukiwasha sabufa tupu juu ya meza utaona koni inatikisika kwa fujo na besi husikii. Kazi ya kwanza ya boksi ni kuzitenganisha pande hizo mbili.

Lakini hewa uliyoifungia ndani ya boksi inakuwa springi. Boksi likiwa dogo, springi inakuwa ngumu, na koni inashindwa kwenda mbali inakotakiwa kwenda kwa noti za chini. Mmarekani Edgar Villchur aliigeuza springi hiyo kuwa msaada: mwaka 1954 alitoa spika ya AR-1, ambayo koni yake laini ilishikiliwa na hewa ya ndani ya boksi lililozibwa kabisa. Boksi lile lilikuwa dogo kuliko makabati ya spika ya wakati wake, na besi yake ilishuka chini kuliko wengi walivyotarajia.

Baada yake, Josef Anton Hofmann, ambaye herufi ya jina lake ndiyo H katika kampuni ya spika ya KLH, aliiweka biashara yote hii katika kanuni moja inayobeba jina lake hadi leo. Neville Thiele na Richard Small, waliofanya kazi yao Australia, wakaikamilisha kwa hesabu katika miaka ya 1960 na 1970. Kanuni yenyewe inasema hivi: kuna mambo matatu ambayo kila mnunuzi huyataka. Boksi dogo. Besi ya chini kabisa. Sauti kubwa kwa wati chache. Chukua mawili unayoyapenda, la tatu uliache. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu anashika tatu.

Kwa hiyo fundi akikuambia kwamba kiboksi chake cha chini ya kiti kinapiga sawasawa na lile boksi kubwa la dukani, tena kwa ampu ile ile ndogo ya kukuzia sauti, mwitikie kwa adabu, kisha uweke pochi mfukoni.

Sasa tuzipime hizo lita. Sabufa ya inchi 12 katika boksi lililozibwa kwa kawaida inataka lita 28 hadi 35 za hewa ya ndani. Sabufa hiyo hiyo katika boksi lenye tundu, lile lenye bomba la kupumulia, inataka lita 50 hadi 70. Sabufa bapa ya inchi 10, iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya pikapu, inaridhika na lita 10 hadi 20. Chukua dumu la maji la lita 20 uwe nalo akilini. Sabufa bapa haijazi dumu. Ya inchi 12 iliyozibwa ni dumu moja na nusu. Yenye tundu ni madumu matatu. Na hizo ni lita za ndani tu. Ongeza unene wa mbao, umbo la spika yenyewe, na mahali pa kuweka ampu.

Kaa kidogo kwenye kiti cha nyuma cha gari lako, ukiangalie kwa macho ya dalali wa viwanja. Madumu matatu utayaweka wapi?

Hapa wengi hukata tamaa, wakidhani boksi dogo maana yake ni besi mbovu. Nataka niwatie moyo, kwa sababu kabini ya gari ina tabia ambayo sebule haina. Sauti hutembea takriban mita 343 kwa sekunde. Wimbi la hezi 40 lina urefu wa mita 8 na nusu hivi, na Hilux nzima, bampa hadi bampa, ina mita 5 na kidogo. Wimbi hilo haliwezi kujinyoosha ndani ya kabini. Badala yake sabufa inaijaza na kuipunguza hewa ya kabini nzima, kama pampu. Kuanzia hezi 60 au 70 kwenda chini, kabini inaanza kuiongezea besi nguvu, na kadiri noti inavyoshuka ndivyo nyongeza inavyokua. Kinadharia, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti kiitwacho desibeli, kila hezi zinapopungua kwa nusu unapata desibeli 12 za bure. Kwa vitendo zinakuwa pungufu, maana milango inavuja, paa la bati linatikisika, na ukifungua dirisha nyongeza inatoroka.

Na boksi dogo lililozibwa linafanya nini kwenye noti hizo hizo? Linapoteza desibeli 12 kila hezi zinapopungua kwa nusu. Umeona zinavyokutana? Kile boksi linachokosa, kabini inakirudisha. Boksi ambalo sebuleni lingesikika kavu, kwenye gari linasikika limeshiba. Ndiyo sababu mimi, kwa pikapu, niko upande wa boksi lililozibwa.

Wapo watakaonipinga: boksi lenye tundu linapiga zaidi. Kweli, karibu na noti lililopangiwa linaweza kukupa desibeli 3 za ziada, au zaidi kidogo. Ila desibeli 3 ndizo unazozipata pia ukiongeza wati mara mbili, na ili sikio lione sauti imekuwa mara mbili linahitaji kama desibeli 10. Kwa hiyo umetoa dumu zima, pengine dumu moja na nusu la nafasi, kwa tofauti ambayo abiria wa mbele ataitambua endapo tu utamwambia asikilize. Chini ya noti ile, boksi lenye tundu huporomoka upesi kuliko lililozibwa, na koni yake inabaki bila springi ya kuizuia.

Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba injini nayo inapiga besi. Dizeli ya silinda nne ikiwa inanguruma taratibu kwa mizunguko 800 kwa dakika inawaka mara 26 au 27 kwa sekunde. Ukiwa barabara kuu kwa mizunguko 2,000, inawaka mara 66 hivi kwa sekunde. Yaani injini, bila kuombwa, inapiga kwenye masafa yale yale ya sabufa, na matairi yanaongeza yao. Mtu anayelipa nafasi yote ya kiti cha nyuma ili asikie hezi 25 atazisikia vizuri sana gari likiwa limezimwa.

Halafu jiulize unasikiliza nini. Waya wa chini kabisa wa gitaa la besi la kawaida unatoa hezi 41. Rumba, benga, dansi la zamani, vyote msingi wake uko hapo au juu yake. Taarabu yenye besi kubwa ya kusimama nayo inaishia papo hapo. Nyimbo za sasa zinazopikwa kwenye kompyuta zinaweza kushuka zaidi, hadi hezi 30 na kitu, na mwenye kuzipenda hizo ana haki ya kudai zaidi. Kumbuka tu kwamba kushuka huko ni ghali: kutoka hezi 50 hadi 25, bila msaada wa kabini, koni inabidi isukume hewa mara nne ili kipimo cha sauti kibaki pale pale. Na kama wewe saa zako nyingi za barabarani ni taarifa ya habari, mpira na mahubiri, ndugu yangu, nunua spika nzuri za milangoni, jeki yako iache inapolala.

Tuje kwenye mahali pa kuliweka boksi.

Chini ya kiti cha nyuma ndipo wengi wanapokimbilia, na mimi napaunga mkono. Kiti kinainuka, boksi refu na bapa linalala humo, mtu wa nje haoni kitu, na mwizi naye haoni. Tatizo ni kwamba kwenye pikapu nyingi jeki na spana ya tairi hukaa hapo hapo au nyuma ya kiti. Kabla fundi hajakata mbao, mwambie akuonyeshe jeki itahamia wapi, na uitoe mwenyewe kwa mkono wako. Pancha haichagui saa. Ukipata ya saa nane usiku, njia panda, mvua inanyesha, hutaki kuanza kufungua skrubu za boksi ili ufikie jeki.

Nyuma ya mgongo wa kiti cha nyuma pia panafaa kwa boksi jembamba, lakini kiti kitasogea mbele au kitasimama wima zaidi. Dereva hataona tofauti. Wanaokaa nyuma kutoka Nairobi hadi Kisumu wataiona kila kilomita, na hao ndio familia yako.

Chini ya kiti cha mbele inaingia sabufa ya inchi 8 yenye ampu ndani yake, bapa, kimo cha sentimita 7 au 8. Haili nafasi ya mzigo hata kidogo. Haitatikisa vioo, ila itaujaza ule mwanya wa besi uliokuwa wazi kwenye muziki. Iwekee mahali pa kupumua, maana ampu inatoa joto, na uwakataze vijana wa kuosha magari kumwaga maji sakafuni. Tope la viatu na maji ya mpira vimeua vifaa vingi kuliko muziki.

Wengine huondoa kiti cha nyuma kabisa. Hapo umenunua gari la watu watano ukabaki na la wawili. Kama ni gari la starehe, ni uamuzi wako. Kama linapeleka watoto shule, hakuna cha kujadili.

Na bodi ya nyuma? Magari ya matangazo hufunga spika huko, na ni sawa, kwa sababu wao wanaongea na walio nje. Wewe ukiweka sabufa nje umeipoteza ile nyongeza ya kabini, vumbi litaingia kwenye koni, mbao za MDF zitanyonya maji na kuvimba, na majirani watapata besi kuliko wewe.

Hapo naomba niwape haki watu wa matatu. Kijana wa Nairobi anayejaza gari spika hadi chini ya viti hafanyi ujinga. Abiria anachagua gari kwa muziki wake, kwa hiyo nafasi ile inamletea nauli. Kwake sauti ndiyo mzigo. Fundi wa umeme mwenye pikapu hesabu yake ni tofauti: drili, mashine ya kukatia na mita za kupimia ndizo zinazomlisha, na ikibidi azirushe bodini kwa sababu kabini imejaa boksi, ataibiwa kwenye foleni. Muziki ule ule, gari linalofanana, majibu mawili, na yote mawili ni sahihi.

Nafasi ikishapatikana, boksi lifungwe. Boksi la mbao na sumaku yake linaweza kufika kilo 20 au zaidi, na breki ya ghafla itakuonyesha uzito huo kisogoni. Litie boliti kwenye chuma cha kabini, lakini kabla ya kutoboa sakafu mtu alale chini ya gari aangalie: kuna tangi la mafuta, mabomba ya breki na nyaya. Nami ningeomba jambo moja zaidi kwa fundi: boliti za kufunguka kwa mkono na plagi ya kuchomoa waya. Wiki ya mavuno boksi linabaki nyumbani, wiki ya harusi linarudi. Kwa gharama ndogo umeirudisha nafasi yako kila unapoihitaji.

Upande wa umeme, usiamini namba iliyoandikwa kwenye katoni. Wati 2,000 za katoni ni mashairi. Angalia fyuzi ya ampu yenyewe. Fyuzi ya ampea 30, kwa volti 13.8 za gari linalowaka, hata ampu ikiwa ya kisasa yenye kupeleka asilimia 80 ya umeme kwenye spika, inakupa kama wati 330 basi. Ukitaka wati 500 za kweli, andaa ampea 45 kutoka kwenye alteneta, na waya mnene wa kuzibeba. Waya huo uwe na fyuzi yake karibu na betri, ndani ya nusu mita, na unapopita kwenye bati la injini uvishwe mpira. Waya mnene uliochubuka bila fyuzi unaunguza gari.

Na sasa nifike kwenye ubora, ambao wengi wanautafuta kwenye ukubwa. Kuna besi nyingi nzuri ambayo haidai hata lita moja. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita besi, ule mgongo wa ngoma na joto la sauti ya mwimbaji wa kiume, iko juu ya hezi 80, na hiyo ni kazi ya spika za milangoni. Fungua mlango wako uone: ndani kuna matundu makubwa yaliyofunikwa na karatasi ya plastiki. Mlango ule ndio boksi la spika yako, na unavuja. Ukiziba matundu vizuri na kubandika mikeka mizito ya kuzuia mtikisiko, spika zile zile zinabadilika, na mzigo haujapoteza kitu.

Kisha mipangilio. Iambie sabufa iishie hezi 80 na spika za mlango zianzie hapo, zisigombanie noti. Sauti ya ampu ilinganishwe na ya redio, isifunguliwe hadi mwisho. Halafu jaribio ambalo ni la bure: chomoa nyaya mbili za sabufa, zigeuze, chanya iende kwa hasi, usikilize wimbo ule ule ukiwa kwenye kiti cha dereva. Upande mmoja besi itasikika imejaa, mwingine itasikika imekonda, kwa sababu sabufa na milango zinavutana. Acha ule uliojaa. Mwishowe kaza kibao cha namba ya gari, kifuniko cha mlango na kila kinacholia. Bati linalotetemeka linaifunika noti, na mwenye gari hudhani anahitaji sabufa kubwa zaidi.

Masikio nayo yana kiwango chao. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, wale wa NIOSH, wanaweka desibeli 85 kwa saa 8 kuwa mpaka, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwa desibeli 94 una saa moja. Kenya ina kanuni za kelele na mitetemo tangu mwaka 2009, kwa hiyo jirani anayelalamika saa sita usiku ana sheria mkononi.

Basi, kabla hujaenda kwa fundi, fanya hivi. Chagua siku ambayo gari lako hubeba vitu vingi kuliko siku zote. Ingiza kila kinachotakiwa kukaa kabini: vifaa, mabegi, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu za barabarani, jeki mahali inapofikika, na watu kwenye viti vyao. Chukua futi, pima kilichobaki kwa sentimita: urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 1,000, umepata lita. Toa robo au zaidi kwa ajili ya unene wa mbao. Namba hiyo ndiyo utakayompelekea fundi, na spika ichaguliwe kuifuata. Ikitoka lita 15, utapata sabufa bapa ya inchi 10 iliyozibwa, na itakutosha kwa rumba yote utakayoipakia. Ikitoka lita 35, una bahati. Ikitoka sifuri, gari lako limeshakujibu: anza na milango.